Vyungu vya Mwaka wa Ming'oko

Mwaka ule tulikula ming'oko, ile mizizi ya kuchimba porini. Siyo kama tunavyoila siku zote, ya kupigia soga, unamenya kwa meno huku unacheka na mwenzako. Tuliila asubuhi, tukaila jioni, tukaila mpaka porini ikaisha, tukaanza kuchimba viazi pori vile vyenye sumu ambavyo lazima uvikatekate na kuviloweka mtoni siku nyingi ndipo viliwe. Na mto wenyewe ulikuwa umebaki mchanga. Waliokuwa na haraka waliviloweka kwenye ndoo, wakala, wakatapika hadi nyongo. Wenye kalenda wanasema ulikuwa mwaka wa tisini na saba. Sibishani nao. Lakini huku kwetu Nachingwea, ukimtajia mtu wa rika langu tisini na saba atakukodolea macho. Mwambie mwaka wa ming'oko, ataweka mkono tumboni kabla hajakujibu.

Mvua ya kupandia ilikuja kutulaghai. Ilinyesha tukapanda, mahindi yakafika magotini, kisha ikaondoka bila kuaga na jua likayapiga yakawa ya kuwashia moto. Mtama ulitoa masuke matupu. Mihogo ilimalizwa na nguruwe. Upande wa Kilimarondo tembo waliingia mpaka uani kwa watu, maana porini nako hakukuwa na kitu. Ndugu yangu mmoja wa huko alitutumia salamu kwamba tusihangaike kwenda kwake kutafuta chakula, hata tembo wa kwao wanahamia kwetu.

Mimi ni mfinyanzi. Mama yangu alikuwa mfinyanzi, na mama yake. Kusoma nilikupata ukubwani, kisomo cha ngumbaru, nikajua kufuata herufi kwa kidole. Ninachoandika hapa nakiandika polepole, lakini nakiandika mwenyewe.

Kwetu sisi chungu kilikuwa na bei yake, na bei ile ilikuwa tumbo lake. Unakwenda na chungu kwa mwenye mtama, anakijaza mtama mpaka mdomoni, unaumimina mtama kwenye kikapu chako, yeye anabaki na chungu, wewe unaondoka na mtama. Hakuna kubishana. Ukitaka mtama mwingi, finyanga kikubwa. Basi nikasikia kwamba upande wa Ruangwa wapo watu wenye mtama wa mwaka wa nyuma ghalani. Nyumbani nilikuwa na mjukuu, mtoto wa binti yangu aliyefariki, na mtoto yule alikuwa ameacha kulia. Mtoto wa njaa akilia unashukuru. Akiacha, ndipo unaogopa. Nikasema nitafinyanga mitungi mikubwa, nitakwenda nayo Ruangwa, nitarudi na mtama.

Bonde tunalochimbia udongo liko upande wa Naipingo. Miaka yote tunauchimba ukiwa na maji yake, tunaufunika majani, unalala. Ukishalala vya kutosha ndipo unaukanyaga kwa miguu na kuufinyanga. Mwaka ule bonde lilikuwa gumu kama sakafu ya saruji, limepasuka nyufa ambazo mguu wa mtoto unaingia. Nilichimba kwa shoka. Nikaponda mabonge, nikayalowesha kwa maji niliyokuwa nikipanga foleni kuyateka kisimani, na sikuulaza udongo ule hata kidogo. Ningeulaza vipi? Njaa hailali. Nikafinyanga, nikakausha, nikachoma.

Vyungu vilianza kupasuka moto ulipokolea. Nilikuwa nimekaa pembeni nasikia, pa, pa, kama korosho zinazookwa. Kila mlio ulikuwa mtama unaomwagika. Moto ulipozima sikuwa na mtungi hata mmoja mzima.

Sasa kuna jambo moja kwa wafinyanzi wa kwetu ambalo halifundishwi kwa maneno, unapigwa kibao tu ukilikosea. Chungu kilichopasuka motoni hakionwi na mtu. Kabla majivu hayajapoa unakiokota, unakitia kwenye kinu kikuukuu, unakitwanga kiwe unga. Unga huo unachanganywa na udongo wa chungu kijacho, nao ndio unaokipa nguvu. Hivyo aibu yako inaingia ndani ya chungu kingine na kukishikilia. Ukikiacha chungu kilichopasuka kikaonwa na wapita njia, ni kama umetoka nje bila nguo.

Shoga yangu, ambaye tulichezwa naye unyago mwaka mmoja na ambaye naye ni mfinyanzi, alikuja akanikuta nimekaa tu mbele ya vile vipande.

"Twanga, dada," akaniambia. "Watu wanakuja."

"Waje."

"Wataona."

"Waone. Nani kijijini hapa hajapasuka?"

Akadhani njaa imenipanda kichwani, na huenda ilikuwa kweli. Akashika mchi yeye mwenyewe. Nikamnyang'anya. Mtungi mmoja mkubwa ulikuwa umechanika kutoka mdomoni mpaka tumboni, ukabaki umesimama hivyo hivyo, umeachama, kama mtu aliyeanza kusema jambo akasahau. Niliubeba nikauweka mbele ya nyumba, mahali njia inapopita. Na vingine nikavipanga pembeni yake.

Watu walipita. Wazee wa kike waligeuza nyuso. Wengine walisimama, wakatazama, wakaniuliza nani kanifia. Nikawajibu kwamba ni mvua.

Mtama tuliupata baadaye kidogo, kwa kulima vibarua mashambani kwa watu Ruangwa, na mjukuu wangu akaanza tena kulia, Mungu ashukuriwe. Ila mkono wangu ulikuwa umeshabadilika. Nilipopata udongo mzuri tena, badala ya kufinyanga chungu cha kunde nikajikuta nafinyanga chungu chenye mbavu. Nilizichora mbavu kwa kidole, moja moja, chini ya shingo ya chungu, na tumbo nikalivimbisha kama tumbo la mtoto mwenye kwashakoo. Mjukuu wangu alikuwa amechuchumaa pembeni akitafuna mhogo. Akatazama, akanyanyua kigauni chake, akajitazama. "Bibi, huyo mimi," akasema. Nikamwambia ndiyo. Akasema nimemkosea kitovu, cha kwake kinatokeza zaidi. Nikakitokeza.

Kisha ikaja mvua ile ambayo redio iliiita Elinino. Tuliyoililia yote ikaja kwa pamoja na ya wengine. Ikabeba daraja, ikabeba mbuzi, ikaangusha kuta za nyumba zetu za udongo, watu wakalala ndani ya madarasa ya shule. Nikafinyanga mtungi wenye paa la nyumba likiwa chini na mlango ukiwa juu. Nikafinyanga na chungu kisicho na mdomo kabisa, kimeziba pande zote, kwa ajili ya zile wiki ambazo hakuna aliyeweza kuvuka kwenda popote. Kile kilikuwa kigumu kuchoma. Chungu kilichoziba kikibaki na hewa ndani kinalipuka. Nikakitoboa tundu dogo chini, mahali pasipoonekana, kipumue.

Vyungu vile havikuuzika. Nilivipeleka soko la Nachingwea pamoja na vya kupikia, na mtani wangu mmoja muuza samaki wakavu akanifanya kicheko cha soko zima. Akakinyanyua kile cha mbavu akauliza kama kinauzwa na mchuzi wake. Akasema mtu akipikia ugali humo hatapata hata ukoko, chungu chenyewe kitakula kwanza. Nilicheka mimi kuliko wote. Lakini wakati wa kufunga biashara nilimkuta amechuchumaa mbele yake peke yake, kapitisha kidole kwenye mbavu zile, halafu kaniangalia bila utani. Mwaka wa ming'oko alikuwa amezika mtoto.

Mtu wa kwanza mgeni kuvipenda alikuwa mwalimu mmoja wa kike, mtu wa kutoka Bukoba, amepangiwa shule yetu ya msingi. Mwanzoni alikuwa akipita akitusalimia kwa Kiswahili chake cha kwao na sisi tukimjibu kwa cha kwetu chenye Kimwera ndani yake, kila mmoja akimwona mwenzake anapinda maneno. Siku moja akasimama mbele ya vyungu vyangu akaketi chini, mwalimu mzima, na sketi yake ya kazi. Akaniuliza hiki nini na hiki nini. Nikamweleza. Akasema huko mijini watu wanafanya mikutano kuhusu mambo haya, mabadiliko ya hali ya hewa, jinsi yanavyowapiga zaidi wasio na kitu. Nikamwambia sisi hatukuhitaji mkutano, tulipigwa tu. Akacheka, kisha akasema vyungu hivi vinafaa kuonwa na watu wengi.

Sikujua kwamba kuonwa kuna gharama yake.

Miaka ile ya elfu mbili na kitu yalianza kupita malori ya magogo kwenye barabara yetu. Magogo manene, mtu mzima akisimama nyuma yake haonekani. Yalitoka misitu ya huko juu, yakipita yanatimua vumbi, watoto wanayapungia mikono. Yalikuwa yanakwenda wapi sikujua, na hakuna aliyetuuliza. Katikati ya malori hayo akaletwa bwana mmoja wa kushughulikia mazingira, kijana mwenye suruali iliyopigwa pasi ikasimama, naye akaitisha mkutano wa kijiji. Akasema mvua zimepungua kwa sababu miti inaisha, na miti inaisha kwa sababu ya wachoma mkaa, wachoma tanuri za matofali na wachoma vyungu. Nikatazama kushoto na kulia nione nani anacheka. Hakuna. Lori likapita wakati ule ule anasema, akanyamaza vumbi litulie, akaendelea.

Sisi tunachomea matawi makavu ya mikorosho yaliyojidondokea, mabua ya mtama, magome na nyasi. Moto wa chungu haupendi gogo. Nilitaka kusema hivyo ila mwenyekiti alinipita kwa macho kama mtu anayepita kisiki. Ikaamuliwa: wanawake wafinyanzi wasichimbe tena udongo kule bondeni na wasichome mpaka watakaporuhusiwa.

Tukakaa. Wanawake wa ufinyanzi kwetu ni wajane wengi, au walioachwa, au wenye mume ambaye ni kama hayupo. Shamba linakulisha likipenda. Chungu ndicho kilichonunua chumvi, daftari, mafuta ya taa. Tulijaribu kuuza mabibo, tukajaribu kusuka ukili, vidole vyetu vilikuwa vinatafuta udongo tu. Upande wa Ruangwa, kule Chunyu ambako ni kwao mama yangu, wanawake walikuwa wanachoma kama kawaida, hakuna aliyewagusa.

Kisha bwana mazingira akaja nyumbani kwangu, na mwalimu nyuma yake. Walikuwa wanaandaa siku kubwa ya upandaji miti pale mjini Nachingwea, wageni watatoka Lindi na hata Dar es Salaam. Mwalimu alikuwa amewaambia habari ya vyungu vyangu na wamekubali viwekwe mezani. Nikafurahi, siwezi kusema uongo. Nikawawekea mkeka. Halafu bwana yule akaeleza sehemu iliyobaki. Baada ya ngonjera na kwaya, mfinyanzi mmoja atasimama kwa niaba ya wenzake, aseme kwamba wafinyanzi waliharibu mazingira bila kujua, wameelimika, wanaomba msamaha. Wageni watapiga makofi. Na wiki inayofuata ruhusa ya kuchoma itatoka, kwa wafinyanzi wote. Mfinyanzi huyo awe mimi, kwa kuwa vyungu ni vyangu na sauti ninayo.

"Na nisipoomba?" nikamuuliza.

"Bibi, sasa kwa nini usiombe?" akasema, kwa upole tu. "Ni maneno."

Mwalimu alikuwa anachezea ukingo wa mkeka.

Habari ilifika kwa wenzangu kabla sijamaliza kuosha vikombe. Walikuja wote, wakaketi uani, na shoga yangu akawa msemaji wao. Alinizunguka kwa maneno mazuri kwanza, akanisifu, akasema kati yetu sote mimi ndiye mwenye ulimi. Kisha akaacha mazuri.

"Sema tu, dada. Ukishuka jukwaani utakuwa umeshayasahau."

"Mjukuu wangu atakuwa pale. Naye asahau?"

"Mjukuu wako amevaa viatu kwa sababu ya vyungu. Wa kwangu hana. Unanionea."

Hilo lilinichoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Nikawaambia nitakwenda. Sikusema nitasema nini. Wao wakachukua kwamba nimekubali, wakaondoka wakinishika mkono mmoja mmoja, na mimi nikawaacha waondoke hivyo.

Siku ile walifunga turubai kwa ajili ya wageni, sisi tukakaa juani. Harufu ya pilau ilitoka nyuma ya jukwaa. Vyungu vyangu vilikuwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, chenye mbavu katikati, ule mtungi uliochanika pembeni, na kile kisicho na mdomo. Nilipoviona pale juu, vimefutwa vumbi, niliviona ni vizuri kuliko nilivyowahi kuviona. Nikasema moyoni, mama angekuwepo. Nikasogea. Mbele ya meza waliweka ubao wa karatasi ngumu wenye herufi kubwa nyekundu. Mwalimu aliniona nainua kidole kufuata herufi akaja haraka, akasema bibi njoo ukae kivulini. Sikwenda. Nilisoma mpaka mwisho, na nilichukua muda wangu. Ubao ulisema: HAYA NDIYO MADHARA YA WACHOMA VYUNGU.

Nikarudia kusoma, nikidhani nimekosea. Sikukosea.

Kwaya ya shule ikaimba. Wimbo ulikuwa wa kuwalaani wanaokata miti wakafukuza mvua, ukawataja wa mkaa, ukawataja wa matofali, kisha ukaja ubeti wa wafinyanzi. Mjukuu wangu alikuwa mstari wa mbele, alikuwa darasa la sita sasa, mrefu, mbavu zimeshafunikwa na nyama. Walipofika ubeti ule alifunga mdomo. Wenzake wote midomo inafunguka na kufungwa, wa kwake umeshikana kama umeshonwa, ananitazama mimi. Mwalimu wa kwaya akamkazia macho. Hakuufungua. Sikuwa nimemwambia neno lolote. Nikitaka kujisifu katika maisha haya nitajisifu kwa mdomo ule, vyungu baadaye.

Nikaitwa. Nikapewa kipaza sauti, kizito kuliko nilivyodhani, na bwana mazingira akanishika kiwiko akaninong'oneza nianze na shukrani.

Nikawasalimu wote, wakubwa na wadogo. Nikasema nimeitwa niombe msamaha. Nikasema mimi sikusoma, na mvua ya mwaka wa ming'oko ilikwenda wapi sijui, wala aliyeifukuza simjui. Pengine wageni wanamjua. Pengine anakaa mbali na ana mashine zinazotoa moshi mchana kutwa, maana redio husema hivyo. Pengine anapita hapa hapa barabarani na lori. Nikasema hivyo vyungu mezani si madhara yangu, ni miili yetu, huyo mwenye mbavu yuko pale kwenye kwaya na mumtazame. Watu wakaanza kugeuka. Mgeni mmoja mwanamke akavua miwani. Bwana mazingira akanyoosha mkono achukue kipaza sauti, nikakihamishia mkono wa pili.

"Mvua sikuifukuza mimi, na msamaha siombi," nikasema.

Hakuna aliyepiga makofi. Nasikia siku hizi watu husimulia kwamba uwanja mzima ulishangilia. Waongo. Zilisikika sufuria za pilau zikifunuliwa. Bwana yule alichukua kipaza sauti akasema bibi yetu amepigwa na jua, wageni wakacheka kidogo kwa adabu, ratiba ikaendelea. Mimi nikaenda mezani, nikaung'oa ule ubao nikaulaza kifudifudi chini, nikafunga vyungu vyangu kwenye kanga na kuondoka. Mwalimu alinitazama nikipita, akabaki kwenye kiti chake. Sikumlaumu. Anakula mshahara.

Ruhusa haikutoka. Wanawake wenzangu waliacha kunisalimu. Nikifika kisimani ndoo zinajaa upesi na wenyewe wanaondoka. Shoga yangu alipita mbele ya nyumba yangu akiwa ameangalia upande wa pili, mtu tuliyelala naye kumbi moja ya unyago. Mmoja wao alisema nisikie kwamba kiburi changu ni kitamu kwa kuwa wanaokilipia ni wengine. Nilijitwika ndoo nikaondoka na neno hilo, na mpaka leo ninalo. Nilijua tu kwamba maneno ya msamaha ningeyasema yangeingia ndani ya kila chungu ambacho ningefinyanga baada ya hapo, na yasingekishikilia.

Nikafunga nyumba. Mjukuu nikamwacha kwa dada yangu amalize darasa la saba, nikaenda Chunyu kwa ndugu wa mama. Walinipa kibanda na mahali pa kuchimba. Udongo wa kule ni mweusi zaidi, unanata kwenye vidole, unataka unga mwingi wa vyungu vilivyovunjika ndipo ukae. Niliujifunza kama mtu anayejifunza mkwe mpya. Nikafinyanga vya kupikia kwa ajili ya tumbo, na vile vingine kwa ajili yangu: mtungi wa mkorosho uliochanua wakati si wake ukamwaga maua, na chungu cha kisima chenye wanawake wamekizunguka mdomoni wote wanatazama chini.

Mwalimu alinifuata kule likizo moja, kwa basi, na mifuko ya sukari. Alikuwa anahamishwa kurudi kwao. Aliomba nimsamehe kwa ule ubao, akasema hakuuandika yeye lakini aliuona kabla yangu akanyamaza. Nikamwambia anywe chai. Akaomba chungu cha mbavu akipeleke Dar es Salaam, kuna nyumba ya sanaa inayokitaka. Nikamuuliza wataandika nini mbele yake. Akasema wataandika nitakachosema mimi. Nikamwambia waandike jina la chakula tulichokula. Nasikia kiko pale mpaka leo, na watu wanauliza ming'oko ni nini.

Shoga yangu alikuja Chunyu mavuno ya ufuta yalipokwisha. Nilimwona kwa mbali nikamjua kwa mwendo. Amebeba mchi begani na kikapu kichwani, kikapu kimejaa vipande vya vyungu vyake vya zamani, vya kutwanga. Akavishusha mlangoni.

"Nimekuja kuchoma," akasema. "Sikuja kuzungumza."

Tukatwanga. Baada yake wakaja wengine, siyo wote. Wapo ambao hawakuja kabisa na hawatakuja, nami siwaulizi.

Bwana mazingira alikuja kwa pikipiki, mchana, tukiwa tunachoma. Suruali yake haikuwa na pasi tena. Alizima pikipiki mbali kidogo kwa heshima, akanisalimu shikamoo, nikaitikia. Akasema wakubwa wanaulizia vyungu. Wapo wageni wa nje wameviona Dar es Salaam, wanataka kufika Nachingwea wawaone wanawake wa vyungu, na Nachingwea hakuna tena mwanamke wa vyungu. Anataka turudi. Bonde la Naipingo tutafunguliwa, tutachoma, hata kibanda cha kufinyangia tutajengewa. Kuna jambo dogo tu. Neno lilishatoka hadharani kwamba wafinyanzi watatubu ndipo waruhusiwe, na yeye hawezi kulifuta hivi hivi, ataonekana hana neno.

"Sihitaji mkutano, bibi," akasema. "Sihitaji kipaza sauti. Niambie mimi, hapa hapa, neno moja, nikawaambie umesema. Kesho mnalala kwenu."

Nilikuwa nimeota nyumba yangu juma lile zima. Paa lilikuwa limeanza kubonyea, nilikuwa nimeletewa habari. Mikorosho yangu inaokotwa na watu. Mjukuu wangu amechaguliwa kwenda sekondari, yuko kwa dada yangu, analala chumba kimoja na watoto wa watu. Wanawake wenzangu walikuwa wamesimama kuzunguka moto, kila mmoja na nyumba yake iliyofungwa kichwani mwake. Nikamgeukia shoga yangu. Yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kunikataza au kunituma.

Alikuwa anaongeza mabua motoni, hakuinua kichwa.

"Usinitazame mimi, dada," akasema. "Mimi nilishavuka kuja huku."

Moto ulikuwa umekolea vizuri, hakuna kilichopasuka mpaka saa ile. Nikajifuta majivu mikononi kwa kanga ili nimjibu mtu wa watu nikiwa safi. Nikamwambia bwana yule akikaa kidogo atakula nasi, mbaazi ziko jikoni, na akirudi awape wakubwa jibu langu kama lilivyo, asilipunguze wala asilitie sukari.

"Mvua sikuifukuza mimi, na msamaha siombi."